Mkia wa beta wetu unachanika na kingo zimekuwa nyeusi. Utarudi?

"Mwezi Juni nilimnunulia binti yangu samaki beta, dume la buluu lenye mkia mrefu. Tunaishi Arusha. Anakaa kwenye bakuli la kioo la lita tatu hivi, ndani kuna mawe ya rangi na ua la plastiki. Baada ya wiki mbili mkia ukaanza kuchanika. Sasa kingo zimekuwa nyeusi na kila siku naona unapungua. Nabadilisha maji yote kila asubuhi, naosha bakuli na mawe kwa sabuni, namwekea maji ya bomba. Aliyeniuzia alisema nifungue kidonge cha rangi mbili, tetrasaiklini, nimwagie humo. Nilifanya hivyo, maji yakageuka kama chai, nikayamwaga kesho yake, na sikuona nafuu. Sasa anakaa chini tu, anakula punje moja au mbili. Mume wangu anasema samaki hatibiwi, tukamwage mtoni. Binti yangu analia. Je, mkia utarudi? Nimpe dawa gani?"

Dada, pole, na umpe pole binti. Nianze na swali lako la kwanza: ndiyo, mkia unaweza kurudi, kwa sharti moja kubwa. Uozo uwe haujafika shinani, pale mkia unapoungana na nyama ya mwili. Kwa jinsi ulivyoeleza, bado kuna pezi lililobaki na bado anakula, hata kama ni punje mbili. Hizo ni habari njema. Samaki aliyekata tamaa hali kabisa.

Swali lako la pili, la dawa, nitalijibu, lakini nimeliweka mbele huko kwa makusudi. Nikikutajia dawa sasa hivi utaenda kuinunua, na samaki atabaki kwenye maji yaleyale yanayomchoma. Naomba tuanze na maji.

Na kuhusu mtoni, naomba mzee wa nyumba anisikilize kidogo. Maji ya Themi mwezi huu wa Julai ni baridi mno kwa samaki huyu, atakufa kwa taabu. Na hata yangekuwa ya joto, samaki wa kigeni hatupwi kwenye mito yetu, kwa sababu pamoja naye unamwaga vijidudu alivyokuja navyo. Ikifika mahali kweli hana namna, ipo njia ya upole, nitaitaja. Hatujafika huko.

Tuliangalie kwanza pezi lenyewe. Mfikirie mwavuli uliofunguliwa. Kuna vijiti na kuna kitambaa kilichotandazwa katikati ya vijiti. Pezi la samaki liko hivyohivyo: vijiti vyake ni vipande vidogo vya mfupa vilivyoungana mmoja juu ya mwingine, na kitambaa ni ngozi laini yenye mishipa midogo ya damu. Pezi likikatika, ngozi ya jirani husogea na kufunika kidonda ndani ya muda mfupi, mara nyingi haizidi siku moja. Chini ya ngozi hiyo hukusanyika chembe changa, kama chipukizi kwenye kisiki, na kutoka hapo vijiti na kitambaa huanza kurefuka upya. Wanasayansi wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi kwa samaki mdogo mwenye milia anayefugwa maabara, ambaye mkia wake ukikatwa hurudi kwa wiki mbili hivi akiwa kwenye maji ya nyuzi 28. Beta naye ana uwezo huo, ila mkia wake mrefu unadai muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo hakuna dawa inayootesha pezi. Mwili wake unajua kazi hiyo. Kinachomkwamisha ni kwamba kila siku anapata kidonda kipya kabla cha jana hakijafunga.

Sasa, mapezi huharibika kwa namna tofauti, na ni vizuri uchukue tochi umtazame kwa makini. Mpasuko ulionyooka kati ya kijiti na kijiti, kingo safi na rangi haijabadilika, huo ni mchaniko wa kawaida, amejikwaruza mahali. Ukiamka asubuhi ukakuta pande kubwa halipo, kama nusu duara, na jana usiku lilikuwepo, huenda amejing'ata mwenyewe. Beta wenye mikia mizito hufanya hivyo, hasa wakiwa na dhiki. Uozo ni tofauti: unatembea. Kingo zinakuwa na nyuzinyuzi, zina weusi au wekundu au weupe hafifu, na kila siku mstari unarudi nyuma kuelekea mwilini. Halafu kuna ugonjwa mwingine, kolumnarisi, ambao naomba uujue kwa sababu hauna subira. Unaleta utando wa kijivu au mweupe mgongoni mfano wa tandiko la punda, au pamba mdomoni, na unaweza kuua ndani ya siku moja au mbili. Ukiona hayo, ruka maelezo yangu ya kupandisha joto, kwa kuwa ugonjwa huo hushamiri kwenye joto, na utafute mtaalamu siku hiyohiyo.

Kwa maelezo yako, beta wenu alianza na michaniko, kisha uozo ukaingilia palepale palipochanika. Mshukiwa wa kwanza ni lile ua la plastiki. Litoe, chukua soksi nyembamba ya nailoni, ipitishe polepole juu ya majani yake. Ikinasa mahali popote, basi na mkia wake unanasa hapo. Na mkia huu, dada, ni mzigo. Beta wa porini ana mapezi mafupi. Haya marefu ni kazi ya wafugaji waliowachagua kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya urembo. Samaki wako anaogelea kama mtu aliyeingia baharini na kanzu. Kila ncha kali ndani ya bakuli ni adui yake.

Lakini michaniko peke yake haiozi. Bakteria wanaoozesha mapezi, akina Aeromonas na Pseudomonas, wapo karibu kila maji yenye samaki, hata yaliyo safi machoni. Samaki mwenye afya huishi nao bila shida. Wanapata nafasi pale ngozi inapoungua na kinga inaposhuka, na kwenye bakuli lako kuna mambo matatu yanayofanya hivyo kwa pamoja.

La kwanza ni amonia. Samaki hutoa amonia muda wote, sehemu kubwa kupitia matamvua, na chakula kilichobaki na kinyesi vikioza huongeza. Kwenye lita tatu haina pa kwenda. Tena amonia ina sura mbili: moja ni ya upole kiasi, nyingine ni kali, na kinachoamua ipi itatawala ni alkali na joto la maji. Kwenye maji ya nyuzi 25 yenye pH, yaani kipimo cha alkali, ya 7, sura kali ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote. pH ikipanda hadi 8, inafika karibu asilimia 5. Maji ya maeneo mengi ya kuzunguka Mlima Meru yana alkali, ndiyo hayohayo yenye floraidi inayotia meno ya watu rangi ya kahawia. Kwa hiyo uchafu kidogo tu huko kwenu huuma kuliko uchafu uleule kwenye maji yasiyo na alkali. Inachoma matamvua, inachoma kingo za mapezi, na maji yanabaki yanang'aa kama kawaida. Huwezi kuiona wala kuinusa.

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapokosea, na nadhani wanakosea kwa nia njema. Watakuambia beta huishi kwenye vidimbwi, hivyo kikombe kinamtosha. Asili yake ni Thailand, kwenye nyanda za mto Chao Phraya, kwenye mashamba ya mpunga, mifereji na mabwawa ya majani. Wathai humwita pla kat, samaki anayeuma, na mwaka 2019 nchi yao ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Maji ya shamba la mpunga ni ya kina kifupi, ni kweli, lakini shamba ni pana, limejaa mimea, na lina joto. Kinachowapotosha watu ni kiungo alichonacho juu ya matamvua, kinachomwezesha kupanda juu na kuvuta hewa kama sisi. Samaki mwingine kwenye bakuli la lita tatu angekosa pumzi na kufa mapema, ukajua kuna tatizo. Beta hafi. Hewa anayo. Anabaki hai huku amonia ikimla mapezi taratibu.

La pili ni baridi. Usiku wa Julai Arusha joto la nje hushuka hadi nyuzi 12 au 13, na maji yanayotoka bombani alfajiri, au kwenye tangi lililolala nje, ni ya kugandisha vidole. Samaki hana joto lake mwenyewe. Mwili wake una joto la maji yaliyomzunguka. Beta anataka nyuzi 24 hadi 28. Akiwa kwenye 18 au 19 tumbo linasaga polepole, kinga inalegea, na zile chembe changa za kuotesha pezi nazo zinasinzia. Ndiyo maana anakaa chini. Na unapomwaga yote na kumjazia ya bomba kila asubuhi, kila asubuhi anapigwa na baridi ghafla.

La tatu ni klorini na sabuni. Klorini iliyowekwa bombani kutulinda sisi inaunguza matamvua yake. Sabuni inabaki kwenye vinyweleo vya mawe hata ukisuuza mara tano.

Naomba usijilaumu kwa kubadilisha maji. Kuna watu watakuambia umemuua kwa kuyabadilisha mara kwa mara, kwamba unaondoa bakteria wazuri. Bakteria wazuri, wale wanaobadilisha amonia kuwa kitu kisicho na makali, hawaishi ndani ya maji. Wanang'ang'ania kwenye mawe, kwenye kuta, kwenye sponji ya chujio. Kilichowaondoa ni sabuni na klorini. Kama usingebadilisha maji kabisa kwenye bakuli lile, nadhani tungekuwa tunazungumzia samaki aliyekwisha kufa.

Basi fanya hivi. Tafuta ndoo nyeupe ya lita 20 ambayo haijawahi kukaa sabuni, rangi wala dawa. Isuuze kwa maji matupu, iweke juani ikauke. Nyeupe kwa sababu utaona kila kinyesi na kila punje ya chakula iliyobaki. Jaza lita 15 za maji yaliyokaa wazi kwenye chombo kingine mchana kutwa na usiku kucha, ukiyakoroga mara kwa mara. Klorini ya kawaida hutoroka yenyewe. Kuna aina nyingine, kloramini, ambayo haitoroki kwa kusubiri, hivyo ukipata ile dawa ya matone ya kuondoa klorini kwenye duka la samaki wa mapambo, nunua. Inaondoa wasiwasi wote na chupa moja hudumu miezi.

Usimshike kwa wavu, nyavu humalizia kuchana kilichobaki. Mchote kwa kikombe. Kiache kikombe kielee ndani ya ndoo, na kila dakika tano mwongezee vijiko viwili vitatu vya maji mapya, kwa muda wa nusu saa au zaidi, halafu kiinamishe atoke mwenyewe.

Joto lipande polepole. Nunua hita ndogo ya tangi la samaki, wati 50 inatosha, ile inayojizima yenyewe joto likifika, pamoja na kipimajoto cha kuelea. Mkono wako haupimi. Maji ya nyuzi 20 na ya 24 mkononi yanafanana ukiwa umetoka kuosha vyombo. Usiku wa kwanza weka 22, kesho 24, keshokutwa 26, uache hapo. Hita izame yote majini, na uichomoe kabla ya kupunguza maji, la sivyo kioo kinapasuka. Funika ndoo kwa kifuniko chenye matundu au kanga, kwa sababu mbili: beta anaruka, na hewa anayoivuta juu ya maji inapaswa iwe na joto na unyevu, siyo upepo wa Meru. Umeme ukikatika, izungushie ndoo blanketi. Lita 15 hazipoi haraka kama zile tatu. Hiyo nayo ni faida ya chombo kikubwa.

Kwa wiki ya kwanza, kila siku toa lita 5, rudisha lita 5 zilizotayarishwa tangu jana. Zipashe kwa kuongeza maji ya moto ya birika kidogokidogo hadi kipimajoto kisome sawa na ndoo, na uyamimine taratibu ukutani mwa ndoo. Uchafu uliotulia chini uvute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, binti yako atalifurahia jambo hilo. Kama duka lina vipimo vya amonia, nunua. Usomaji unaotakiwa ni sifuri, na ukipanda juu ya hapo siku hiyo toa nusu ya maji badala ya theluthi.

Sasa chumvi. Ndiyo, inasaidia, lakini watu wengi hudhani kazi yake ni kuua vijidudu, na kwa kipimo cha kumfaa samaki haifanyi hivyo sana. Damu ya samaki wa maji yasiyo ya chumvi, kama beta, ina chumvi kuliko maji anamoishi. Muda wote maji yanapenya kuingia mwilini na chumvi inavuja kutoka, naye anapambana kuyasukuma nje kwa figo. Akiwa na vidonda, mlango umekuwa wazi zaidi. Ukiongeza chumvi kidogo majini unapunguza ile tofauti, na nguvu aliyokuwa anaitumia kupiga maji nje inakwenda kwenye kupona. Kipimo ni kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, gramu 5 au 6, kwa kila lita 5. Kwa ndoo yako ni vijiko vitatu, vilivyoyeyushwa kwanza kwenye jagi, na uvigawe viingie kwa siku mbili. Chumvi ya mezani yenye madini joto haina shida kwa kipimo hiki, mradi isiwe na viungo. Sikiliza hesabu hii vizuri kwa sababu ndiyo inayoua samaki wengi: maji yakikauka, chumvi haikauki nayo. Unarudisha chumvi kwa yale maji uliyoyatoa tu. Ukitoa lita 5, lita 5 mpya zinakuja na kijiko kimoja. Ukijazia maji yaliyopungua kwa kukauka, usiweke chumvi kabisa. Baada ya siku kumi, acha. Yale maji mapya unayorudisha yataiondoa taratibu. Beta hakuumbwa kuishi kwenye chumvi.

Kuna kitu kimoja ninachokipenda mno, na sisi tunacho bure. Wafugaji wa Thailand hutumia majani makavu ya mti ambao hapa kwetu pwani ni mkungu, uleule unaotupa kivuli na kungu Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Unguja. Watu nje hununua majani yake kwa pakiti. Mpigie ndugu wa Tanga akuokotee majani yaliyoanguka yenyewe, yaliyokauka yakawa ya kahawia, mbali na barabara na mahali panapopulizwa dawa ya wadudu, ayaweke kwenye basi. Yasuuze, weka jani moja la ukubwa wa kiganja kwenye ndoo. Maji yatakuwa rangi ya chai nyepesi. Hiyo ni tanini. Inashusha pH kidogo, na maabara zimeona inapunguza kasi ya baadhi ya bakteria. Samaki hutulia kwenye maji ya rangi hiyo, anapata na mahali pa kujificha chini ya jani. Ila jani lisikufanye uache kubadilisha maji. Maji machafu yenye jani la mkungu ni maji machafu.

Na sasa tetrasaiklini. Sikulaumu, ushauri huo umezagaa. Shida zake ni hizi. Dawa hiyo hushikana na kalsiamu na magnesiamu iliyomo kwenye maji magumu, ikishashikana haifanyi kazi, kwa hiyo hujui samaki amepata kiasi gani. Mwanga huiharibu, na ile rangi ya chai uliyoiona ndiyo dawa ikichacha. Kisha ulimwaga kesho yake, kama ilivyokuwa lazima kwenye bakuli lile, kumaanisha bakteria walionja dawa siku moja tu. Kuonjesha bakteria antibayotiki bila kumaliza kipimo ni kuwafundisha kuihimili, na hao bakteria ndio hao mikono yako na ya binti yako inaoshwa nao kila asubuhi. Mimi huwa naifikia antibayotiki pale tu maji yamekuwa safi na ya joto kwa siku tano hadi saba na bado mstari unarudi nyuma, au pale uozo unapokaribia mwili, au mishipa myekundu inapoonekana ndani ya pezi. Na hapo iandikwe na daktari wa mifugo aliyemwona, kwa kipimo cha lita za ndoo yako. Usiongeze ndimu, kitunguu saumu, wala ile dawa ya zambarau ya kusafishia mboga. Hiyo ya mwisho kwenye chombo kidogo kosa la punje chache linaua.

Chakula kiwe kidogo na kizuri. Punje mbili au tatu asubuhi, mbili au tatu jioni, na asizokula zitolewe baada ya dakika kumi. Akigoma punje, nina mlo ambao sijaona beta mwenye uhai akiukataa: viluwiluwi vya mbu. Vichote kwenye maji safi ya mvua yaliyotuama kwenye ndoo, kamwe si mtaroni, vichuje kwa chujio la chai, visuuze, mpe vitatu vinne. Lakini maji ya kuvifuga yamwagwe kila baada ya siku tatu nne, tusije tukamponya samaki tukamwuguza mtoto. Mkate na ugali hapana. Huyu ni mla wadudu.

Utaona nini? Siku tatu hadi saba za kwanza usitafute pezi jipya. Tafuta mstari uliosimama: weusi haujasogea. Kisha, wiki ya pili au baadaye kidogo, ukimulika tochi kwa nyuma, pembeni mwa mkia utaona ukanda mwembamba usio na rangi, kama nailoni ya kufungia karanga. Hapa ndipo watu wengi huogopa. Wanaona kingo nyeupe, wanadhani ugonjwa umerudi, wanamwaga dawa upya na kuunguza pezi changa. Uozo una kingo chafu zisizo sawa na zinarudi nyuma; pezi jipya ni angavu na linasonga mbele. Rangi itafuata baadaye. Mkia wote kurudi urefu wake huweza kuchukua miezi miwili au zaidi, na nisikudanganye, huenda ukarudi umejikunja kidogo au wenye buluu tofauti na ya zamani. Sehemu yoyote ambayo uozo ulifika shinani haitaota.

Yapo mambo ambayo ndoo haiyatibu. Magamba yakisimama akaonekana kwa juu kama ngozi ya nanasi, tumbo likavimba, akalala ubavu, akahema mfululizo akiwa juu ya maji, au akapita siku nne bila kugusa hata kiluwiluwi, usiendelee peke yako. Anza na daktari wa mifugo wa wilaya au afisa uvuvi wa halmashauri, umwulize nani anashughulika na samaki. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina wataalamu wa tiba ya wanyama na wa ufugaji wa samaki, na picha nzuri pamoja na maelezo ya maji vinaweza kuwapa mwanga hata kabla hujasafiri. Ukimpeleka mahali, mbebe kwenye chombo kilichojaa nusu tu ili awe na hewa juu, na ubebe chupa nyingine safi yenye maji ya ndoo kwa ajili ya vipimo. Na kama mtaalamu akisema hakuna namna, muulize kuhusu mafuta ya karafuu. Kwa kipimo sahihi humlaza samaki usingizi asioamka, bila maumivu ya chooni, mtoni au kwenye friji. Hilo lifanyike naye, siyo kwa kubahatisha.

Akishapona, asirudi kwenye bakuli. Akae kwenye tangi la lita 20 au zaidi lenye hita na chujio la sponji lenye mkondo mpole, mimea laini badala ya plastiki, na sponji isuuzwe kwenye maji yaliyotolewa tangini, kamwe si bombani. Bakteria wazuri huchukua mwezi mmoja hadi mwezi na nusu kujijenga, kwa hiyo ukilianzisha wiki hii litakuwa karibu tayari wakati mkia unapata rangi. Bakuli liwekee maua.

Kwa binti yako nina kazi. Achukue daftari, kila Jumamosi amulike tochi na achore mkia kama ulivyo siku hiyo, kila mpasuko na kila weusi, aandike tarehe na nyuzi za kipimajoto. Watoto huona vitu ambavyo sisi tunavipita. Mchoro wa pili ukifanana na wa kwanza, furahini, uozo umesimama. Kwenye wa tatu au wa nne amwachie nafasi pembeni ya mkia kwa penseli nyepesi, kwa ajili ya ule ukanda usio na rangi.